"Haiko": dhamiri ya mfamasia na neno moja lisilo la kweli

Kila mwaka wenzetu kadhaa wanamaliza masomo ya afya na kuingia kazini nyuma ya meza ya famasia, hapa Mulongwe, Kalundu, Kavimvira, wengine hadi Sange na Baraka. Na kila mwaka swali lile lile linarudi kati yetu: mfamasia mwenye imani yake ana haki ya kukataa kutoa dawa ambayo imani hiyo inaikataza, hata kama mgonjwa ameleta ordonansi ya daktari? Dawa zenyewe tunazijua: vidonge vya uzazi wa mpango, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, na misoprostoli.

Mimi nimesomea sheria, si famasia. Kwa hiyo nitafanya kazi niliyofundishwa: kuchukua andiko, kulisoma polepole, kuona linasema nini na linakosa nini. Andiko lenyewe ni Maoni ya Jumla Namba 2 ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yaliyotolewa mwaka 2014 ili kufafanua kifungu cha 14 cha Protokali ya Maputo. Nimelichagua kwa sababu ni letu, halikuandikwa Ulaya. Na Congo imejifunga nalo kwa njia ya Protokali yenyewe: ilipitishwa Maputo mwezi wa saba 2003, ikachapishwa katika Gazeti Rasmi la nchi yetu mwaka 2018, na kifungu cha 215 cha Katiba kinasema kwamba mkataba uliokubaliwa kihalali, ukishachapishwa, unasimama juu ya sheria za kawaida.

Sasa, andiko hilo linasema nini juu ya dhamiri? Mambo matatu.

La kwanza, mhudumu wa afya anayehusika moja kwa moja na huduma ya uzazi wa mpango anaweza kukataa kwa sababu ya dhamiri. Haki hiyo ni ya mutu mmoja mmoja. Taasisi haina. Hospitali haina dhamiri, kampuni haina dhamiri, jengo halisali. La pili, serikali inapaswa kupanga mambo ili mwanamke aliyekataliwa ajue mapema pa kwenda na apelekwe kwa mhudumu mwingine kwa wakati. La tatu, hakuna kukataa pale ambapo afya ya mwanamke iko hatarini sana na anahitaji huduma ya haraka.

Kwa macho yangu, hili ni andiko zuri. Halimdharau mwenye imani, na halimwachi mgonjwa mikono mitupu. Linganisheni na pande mbili zinazopigana huko Ulaya. Mwezi wa sita 1995, katika kijiji cha Salleboeuf karibu na Bordeaux, Ufaransa, wafamasia wawili, Pichon na Sajous, walikataa kuwauzia wanawake watatu vidonge vya kuzuia mimba ingawa walikuwa na ordonansi. Walihukumiwa kulipa faini. Wakapanda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwezi wa kumi 2001 mahakama ikalitupa shauri lao. Hoja yake kwa kifupi: maadamu dawa ni halali, inatolewa kwa ordonansi na haipatikani popote ila famasia, mfamasia hawezi kutanguliza imani yake na kuwabebesha wengine, anaweza kuionyesha imani hiyo kwa njia nyingi nje ya kazi. Upande wa pili yuko Papa Benedikto wa 16. Mwezi wa kumi 2007 aliwaambia wafamasia Wakatoliki waliokutana Roma kwamba kukataa kwa dhamiri ni haki ambayo taaluma yao inapaswa kutambuliwa. Mmoja anasema: acha imani yako mlangoni. Mwingine anasema: ingia nayo hadi kwenye rafu. Tume yetu ya Afrika imetafuta njia ya katikati, na naiheshimu kwa hilo.

Lakini nikisoma aya hiyo nikiwa hapa kando ya ziwa, naona kuna kitu haikukiona. Aya nzima imejengwa juu ya dhana moja: kwamba mutu akikataa, anasema kwamba amekataa. Bila hilo hakuna kumwelekeza mgonjwa mahali pengine, hakuna kujua kama sababu ni dhamiri au taasisi, hakuna kujua kama hali ni ya dharura. Na kwetu, nani amewahi kusikia mfamasia akisema "nakataa"?

Kwetu neno ni moja tu: "Haiko."

Mnalijua. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya famasia moja hapa mjini, siitaji. Mbele yangu msichana alitoa ordonansi iliyokunjwa kunjwa. "Docta, niko na hii." Muuzaji akaisoma, akamwangalia usoni, akairudisha. "Haiko, dada. Angalia huko mbele." Msichana akatoka. Muuzaji akamgeukia mwenzake, wala hakushusha sauti: "Ile mimi siuzi. Leo yeye, kesho wote." Wakacheka kidogo, kisha wakaendelea na mteja mwingine.

Huyo muuzaji hakukataa. Alidanganya. Na hapo ndipo ukosoaji wangu ulipo. Dhamiri, kwa maana yoyote ninayoijua, ya kanisani, ya msikitini au ya wazee wetu, ni sauti inayomdai mutu ukweli kwanza. Dhamiri inayoanza kazi yake kwa uongo imeshajiumbua. Kifungu cha 22 cha Katiba kinalinda uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Hakilindi "haiko".

Tena, kwa kuwa neno ni moja, nyuma yake wanajificha watu wanne tofauti, na sheria haiwezi kuwatenganisha.

Wa kwanza ni yule mwenye dhamiri kweli. Amefikiri, amesali, anaamini kwamba kutoa kidonge kile ni dhambi. Huyo yupo, na mimi namheshimu.

Wa pili ni mwenye woga. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 165, inamtishia anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kifungu cha 166 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 5 hadi 10. Vifungu hivyo bado viko kitabuni, wakati Protokali ya Maputo inaruhusu utoaji wa mimba wa kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu wa damu, au pale afya yake ya mwili na akili au uhai wake uko hatarini. Muuzaji wa dawa hajui ni andiko lipi polisi atakayekuja analifuata. Kwa hiyo anasema haiko. Woga wake una sababu, lakini woga si dhamiri. Dawa ya woga ni bunge kuilinganisha Kanuni na Protokali.

Wa tatu ni asiyejua. Huyu ndiye mwingi, na hapa wenzangu wa afya mna deni. Wengi wanaamini kwamba kidonge cha dharura kinatoa mimba. Levonojestreli ya miligramu 1.5 inafanya kazi kwa kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke. Mimba iliyokwisha kushika haiiharibu. Wengine wanaamini kwamba misoprostoli ina kazi moja tu, ile ya siri. Kumbe inazuia damu isimwage mama baada ya kujifungua, inasafisha tumbo la mwanamke ambaye mimba yake imeharibika yenyewe, na mwanzoni kabisa ilitengenezwa kwa vidonda vya tumbo. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Mwanamke aliyepoteza mimba aliyoitamani anafika na ordonansi, bado anavuja damu, na muuzaji anamwona mwuaji. Haiko. Hapo imani haikukosewa na mutu yeyote. Kilichokosekana ni somo la mwaka wa pili.

Wa nne ni mfanyakazi anayefuata amri ya bosi. Mwenye famasia ni mzee wa kanisa, au kituo chenyewe ni cha kanisa, na dawa hizo hazinunuliwi kabisa. Kijana anayesimama pale hana maoni yoyote. Anatafuta mshahara wake. Andiko la Tume linasema wazi kwamba taasisi haina haki hiyo. Lakini taasisi haihitaji kudai haki pale ambapo rafu tupu inasema kwa niaba yake.

Sasa mtaniambia: kwani shida iko wapi? Uvira famasia ni nyingi. Ukiambiwa haiko hapa, unavuka barabara.

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu inagusa hukumu ile ya Ulaya. Wafaransa wale walishindwa kwa kuwa dawa ilikuwa haipatikani nje ya famasia. Huku dawa iko kila mahali: kwenye duka la sabuni, kwenye meza ya soko, kwenye sanduku la kijana anayezunguka nalo mtaa kwa mtaa. Mtu anaweza kusema basi, mfamasia wa Uvira ana uhuru zaidi kuliko wa Salleboeuf, kwa kuwa mlango si mmoja. Mimi naona kinyume. Salleboeuf, aliyekataliwa angeweza kwenda famasia nyingine akapata dawa ile ile, kwa ordonansi ile ile. Huku, aliyekataliwa na mfamasia aliyesoma anasukumwa kwa asiyesoma. Anapewa vidonge vilivyotolewa kwenye karatasi yao, bila jina, bila tarehe, na dozi ya kukisia. Kadiri soko lilivyo ovyo, ndivyo mlango wa aliyesoma unavyokuwa na thamani zaidi, na ndivyo kuufunga kunavyomgharimu zaidi aliyeko nje.

Halafu kuna saa. Sheria zinahesabu miaka. Dawa hizi zinahesabu saa. Mwanamke aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zile za PEP, kabla ya saa 72. Kidonge cha dharura kina hadi saa 120, na kila saa inayopita inakipunguzia nguvu. Sote tunajua kwa nini huku kwetu hesabu hiyo si ya vitabuni. Tuna sheria ya 06/018 ya mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji, tuna Panzi kule Bukavu na Daktari Mukwege aliyepewa Nobeli mwaka 2018, kwa sababu jambo hili liko mashambani na njiani kwetu.

Tuseme mama ameshambuliwa Ijumaa jioni akitoka shambani, upande wa Makobola. Usiku hatoki, njia inatisha. Jumamosi anaogopa kumwambia mumewe. Jumapili anamwambia yaya yake, wanatafuta feza ya pikipiki. Jumatatu asubuhi anaonana na muganga, anapewa dawa za PEP zilizopo, na kwa kidonge cha dharura anaandikiwa ordonansi kwa sababu pale kimeisha kweli. Saa zaidi ya 60 zimekwisha. Anashuka mjini. Famasia ya kwanza: haiko. Ya pili: haiko. Katika "haiko" hizo mbili, ipi ni kweli na ipi ni imani ya mutu? Yeye hawezi kujua. Anaamua kwamba dawa hiyo haipatikani Uvira nzima, na anarudi nyumbani.

Uongo mdogo wa mezani ndio huo. Mfamasia angesema "mimi siitoi, lakini nenda pale karibu na kituo fulani, wanayo", yule mama angekuwa amepoteza dakika 20. Kwa neno "haiko" amepoteza dawa yenyewe.

Nirudi kwenye dhamiri, kwa maana sitaki mtu afikiri ninaicheka. Nchi hii inajua dhamiri ni nini. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921 na Wabelgiji. Alikaa gerezani miaka 30, akafia huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwezi wa kumi 1951. Tumkubali kama nabii au tusimkubali, jambo moja halipingiki: alichokiamini alikisema mchana, na bei alilipa yeye mwenyewe. Vivyo hivyo wote ambao historia inawakumbuka kwa kukataa, kuanzia wanaokataa bunduki hadi wanaokataa kusujudia wakubwa. Wanajulikana kwa majina, na mzigo wanaubeba kwa mabega yao.

Sasa pimeni "haiko" kwa kipimo hicho. Nani anajua kwamba umekataa? Hakuna. Nani amelipa? Si wewe. Wewe umefunga famasia jioni, umekwenda kwenye mazoezi ya kwaya, umelala vizuri. Aliyelipa ni msichana wa watu, na hajui hata kwamba amelipishwa. Imani ambayo bei yake inalipwa daima na mutu mwingine, tena kwa siri, mimi siwezi kuiita dhamiri. Naiita mamlaka: nguvu ya aliye na ufunguo wa rafu juu ya asiye nao.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito, na lilitoka kwa mwenzetu anayefanya kazi hiyo hiyo. Alisema: "Nikimwambia msichana mbele ya foleni kwamba hii siuzi kwa sababu ya imani, nimemvua nguo. Mji ni mdogo. Kabla hajafika nyumbani, mama yake amesikia. 'Haiko' inamfunika." Kweli, kuna uongo ambao ni wa huruma. Lakini ukweli hauhitaji kipaza sauti. Unaweza kumwandikia nyuma ya ordonansi jina la famasia nyingine. Unaweza kusema kwa sauti ya chini: "Nenda pale, mwambie ni mimi nimekutuma." Unaweza kuwa umekubaliana tangu asubuhi na mwenzako wa zamu kwamba ordonansi hizo atazipokea yeye. Anayetaka kumfunika msichana ana njia kumi. "Haiko" inamfunika nani hasa? Inamfunika aliyekataa.

Wala msiniambie kwamba haya hayawezekani kwetu Maziwa Makuu. Wanyarwanda walikuwa na tatizo la jinsi hii: vituo vingi vya afya ni vya Kanisa Katoliki, na Kanisa halitoi vidonge vya kisasa vya uzazi wa mpango. Serikali haikulilazimisha Kanisa, na Kanisa halikujificha. Kando ya vituo hivyo zilijengwa nyumba ndogo za huduma za serikali, ambako mwanamke anapata alichokosa kwa jirani. Siisifu Rwanda kwa kila kitu, mnanijua. Nasema tu kwamba njia hiyo iliwezekana kwa sababu aliyekataa alisema wazi kwamba amekataa, na mwenye wajibu akajua mahali pa kujenga. Mahali ambapo kila mutu anasema "haiko", hata serikali yenye nia njema itafikiri tatizo ni stoku, itatuma katoni, na katoni zitakaa juu ya rafu zile zile.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya andiko la Tume ni hii. Linasema vizuri nani anaweza kukataa, na wakati gani hawezi. Linakosa kusema namna ya kukataa. Lingeongeza sentensi moja tu, kwamba kukataa ambako hakukutamkwa si kukataa kwa dhamiri na hakulindwi, lingekuwa limeandikiwa pia sisi ambao kwetu hakuna anayekataa na bado dawa hazitoki.

Tume iko Banjul, mbali. Lakini sentensi hiyo tunaweza kuiandika wenyewe, nyinyi mnaoingia kazini mwaka huu. Kabla ya kusaini kazi, muulize mwenye famasia: dawa zipi hapa haziuzwi, na kwa sababu gani? Ukiwa na imani inayokukataza, iseme siku hiyo ya kwanza, mbele ya bosi, si siku ya mgonjwa. Jua kwa majina famasia mbili zenye dawa ambazo wewe hutoi. Tofautisha kukataa kwa imani na kukataa kwa taaluma: ordonansi ya kughushi, dozi inayoua, dawa mbili zinazogombana, hayo unayakataa kwa sababu ndiyo kazi yako, na unamweleza mgonjwa au unampigia daktari. Na akija anayevuja damu, au anayehesabu saa 72, usiulize dhamiri yako ina maoni gani. Mpe, au mshike mkono umpeleke kwa anayetoa.

Na kama kweli dawa haiko, sema haiko. Neno hilo lirudishwe maana yake, ili mwanamke akilisikia alijue kuwa ni habari ya rafu tu.